Chupa Zisizo na Jina

Mahajanga, 9 Februari 1998

Mdogo wangu Velonjara,

Nakusalimu, na nyumba nzima inakusalimu. Tu wazima, ila mvua imetutesa. Upepo wa wiki iliyopita umebeba mabati mawili ya jiko la achari hadi kwa jirani, naye hataki kuyarudisha mpaka alipwe kuku aliyepondwa na bati. Shemeji yako Tombozara amekwenda mara mbili kujadili habari za huyo kuku, na mara zote mbili amerudi ameshiba. Binti yangu Tsaravavy amejifungua salama, mtoto wa kike, mdomo mpana kama wako. Wifi yangu Hanitra hajambo? Watoto wameacha kukohoa na hiyo baridi yenu ya milimani?

Sasa kaa kitako. Imekuja barua kutoka ofisi ya alama za biashara huko huko Antananarivo. Kwa kuwa imeandikwa Kifaransa cha mahakamani, nilimpelekea mzee Botovelo, yule aliyekuwa karani wa mahakama, anisomee. Inasema kampuni moja iitwayo Voankazo Mena imeomba alama yetu ya achari ifutwe kwenye daftari kwa sababu haijatumika miaka mitatu mfululizo. Ikifutwa, mtu yeyote anaweza kwenda kuiandikisha iwe yake.

Botovelo si mtu wa ukoo wetu, akaniuliza kwa nini tumekaa na alama bila kuitumia. Ikabidi nimfundishe kama mtoto. Alama ile ni jina la Shangazi, na Shangazi alikuwa wa damu ya wafalme. Alipokuwa hai alikubali kwa kicheko jina lake libandikwe kwenye chupa za achari ya maembe aliyoibuni mwenyewe. Alipofariki, Januari ya 1995, jina lile likazikwa naye. Ni mwiko kulitamka na ni mwiko kuliandika. Hata neno la sokoni linalofanana nalo tumeliacha. Ndiyo maana tulikaa siku tatu na maji ya moto tukikwangua lebo kwenye chupa mia nne, na tangu siku ile tunauza chupa zisizo na lebo, zenye uzi mwekundu shingoni. Botovelo akatikisa kichwa. Akasema sheria haina safu ya mwiko.

Lakini si hilo linaloninyima raha. Ombi lile limewasilishwa juma moja tu baada ya miaka mitatu kutimia. Aliyehesabu alihesabu vizuri mno. Anwani ya kampuni ni sanduku la posta la Analakely, na wewe duka lako liko Analakely. Na mwaka jana tu uliniomba nikuhamishie hati ya alama iwe kwa jina lako, nikakataa. Sikutuhumu. Nauliza tu kama dada: unajua lolote?

Hili usinijibu kwa simu. Simu ya hapa iko dukani kwa Mhindi, na duka zima linasikiliza.

Dada yako,
Vavisoa


Antananarivo, 3 Machi 1998

Dada yangu mpenzi,

Nimefurahi kupata habari za mjukuu. Mdomo mpana ni baraka, atakula vizuri. Hanitra anawasalimu na anasema asante kwa samaki wakavu, ingawa jirani zetu wamelalamikia harufu. Watoto bado wanakohoa. Mkubwa ameanza shule ya watawa, na tayari ananisahihisha ninavyosema. Mwambie shemeji asimlipie kuku yule mpaka aone manyoya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, dada, na kila nikiisoma inanuka mashaka zaidi. Analakely ina masanduku ya posta maelfu. Je, kila mwenye sanduku ni mwizi wa jina la Shangazi? Ningekuwa na tabia kama yako ningeuliza ni nani huko chini anayejua tarehe ya kifo. Shemeji yangu ana marafiki wengi wa kunywa nao, na akinywa hata siri za kuku huzitoa.

Hata hivyo usihangaike, nitalifuatilia mwenyewe. Nitumie hati ya alama, ile ya asili yenye muhuri, kwa mkono wa dereva wa basi la Jumatano. Bila hati siwezi kufungua mdomo mbele ya wakili. Na huyo Botovelo usimpe karatasi nyingine. Kadiri watu wanavyokuwa wachache ndivyo bora.

Achari inauzika kama kawaida, chupa zilifika zote.

Mdogo wako,
Velonjara


Mahajanga, 21 Machi 1998

Velonjara,

Salamu. Mtoto anaendelea vizuri. Mabati yamerudi. Shemeji yako umemtukana na nimemsomea maneno yako kwa sauti. Amecheka, ila yamemchoma.

Hati sikutumii. Ningekuwa mwendawazimu kumtumia hati mtu niliyemuuliza swali moja akanijibu maswali manne. Nilikuuliza unajua lolote, ukanijibu habari za manyoya.

Sasa sikiliza lililotokea Jumapili. Hospitali yetu imeletewa muuguzi mpya kutoka huko kwenu, binti mwenye adabu, jina lake Voahirana. Alikuja kumpima mtoto wa Tsaravavy. Tukamkaribisha wali na achari. Akaonja, uso ukamchanua, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Kumbe ninyi ndio wenye achari ya—" na akalitaja. Jina zima, Velonjara, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mama mkwe wa Tsaravavy na wanawake watatu wanaotunza masalia ya wafalme kule doany, waliokuja kumwona mtoto. Tombozara kikombe kilimponyoka. Binti wa watu akadhani amemtukana mtu, akaanza kulia. Tulimwaga maji mlangoni na kuomba radhi kwa masalia ya wakubwa, na mpaka leo wale wanawake wananitazama kwa pembe ya jicho.

Nilipomtuliza nikamuuliza amelijulia wapi jina hilo. Akasema, "Mama, si limeandikwa kwenye chupa?" Ana miaka ishirini na mbili. Amehamia Antananarivo kutoka Fianarantsoa mwaka juzi tu. Chupa gani hiyo aliyoiona, ikiwa lebo zote nilizikwangua kwa kucha zangu hizi?

Ninafikiri hivi, na nitasema wazi. Ninafikiri Voankazo Mena ni wewe. Ninafikiri umeshaanza kuuza kwa jina hilo na sasa unataka karatasi ikuhalalishie. Kama nimekukosea, niambie nilipokosea.

Ofisi imetupa hadi tarehe 30 Juni kujibu.

Vavisoa


Antananarivo, 2 Juni 1998

Dada,

Salamu nyingi baada ya ukimya mrefu. Nilikuwa mgonjwa. Mapafu, baridi hii haina huruma. Hanitra alitaka kukuandikia, nikamkataza. Barua zako tatu za katikati nimezipata zote, na ile ya Aprili yenye matusi nimeihifadhi kwa ajili ya uzee wetu, tutaisoma tucheke.

Nimemjua mwenye Voankazo Mena. Si mimi. Ni Ralambomanana, yule mpiga chapa aliyetuchapia lebo tangu mwanzo. Nilikwenda hadi kiwandani kwake. Ulitaka kujua nani alijua tarehe? Wewe mwenyewe ndiye uliyempa. Wiki ya msiba ulimwandikia barua ya kusimamisha lebo, ukatia tarehe, ukaeleza na sababu. Ameiweka kwenye faili miaka yote mitatu akihesabu, na ndiyo aliyoipeleka ofisini kama ushahidi kwamba tumeacha. Alinionyesha nakala bila haya. Akaniambia, "Ndugu yangu, ninyi mmelizika jina. Mimi sifukui kaburi, naokota tu kilichotupwa."

Lenye kuuma zaidi sijalisema. Ameshatengeneza tangazo la redio. Alinisikilizisha. Kwaya ya wasichana inaliimba jina la Shangazi mara sita, na ngoma inafuata. Alama ikifutwa tu, litarushwa nchi nzima, na Mahajanga mtalisikia asubuhi mkila wali wenu, na doany nzima italisikia. 

Kwa hiyo nisamehe kwa hati, na mimi nakusamehe kwa kuniita mwizi. Mtafute Botovelo, muulize ni nini kinaweza kuizuia ofisi. Mimi namwona wakili huku.

Velonjara


Mahajanga, 14 Juni 1998

Mdogo wangu,

Pole kwa ugonjwa. Nakutumia asali na majani ya ravintsara, chemsha ujifukize, usimsikilize daktari peke yake. Mtoto ameanza kucheka. Tombozara anasema amekusamehe, ila ukija utamnunulia rumu.

Habari ya redio imenivunja. Sikumwambia mtu. Siwezi hata kuwaeleza wazee wa doany wimbo huo unasemaje, maana nitaueleza kwa maneno gani?

Botovelo amenieleza hivi. Ofisi haitaki machozi wala historia ya wafalme. Inataka jambo moja: lebo yenye jina, au risiti ya duka yenye jina, ya tarehe yoyote ndani ya miaka hii mitatu. Hata moja ikiwa ya kweli inatosha. Nilicheka mpaka akaniletea maji. Ili jina lisitamkwe, natakiwa nithibitishe kwamba tulilitamka. Tungekuwa wahuni wasiojali wafu, leo tungekuwa salama. Tumeshika mwiko, na kwa ajili hiyo tunanyang'anywa.

Sasa narudi pale pale uliponikwepa mara mbili. Ralambomanana bado hajauza hata chupa moja, umesema mwenyewe anasubiri alama ifutwe. Basi yule muuguzi aliona chupa ya nani? Sikuulizi kwa hasira tena. Ibada ya fanompoa inaanza tarehe 10 Julai, na mimi ndiye nitakayebeba maji ya asali ya kuoshea masalia, kama nilivyobeba miaka kumi na tisa. Sitaki kuyabeba huku kuna jambo nisilolijua.

Niambie.

Vavisoa


Antananarivo, 19 Juni 1998, kwa mkono wa dereva

Dada,

Leo salamu zitakuwa fupi, unisamehe. Chupa ile ilikuwa yangu.

Mwaka ule wa msiba nilijaribu kuuza chupa zisizo na lebo kama ulivyoagiza. Huko kwenu kila mtu anaujua uzi mwekundu. Huku juu hawaujui. Wenye maduka waliniuliza, "Hii ni achari ya nani? Mtu akiugua tumshike nani?" Miezi mitano nilirudi na makreti yale yale. Hanitra alikuwa na mimba. Ndipo nikaenda kwa mpiga chapa mwingine, mdogo, wa uchochoroni, akanichapia lebo kama zile za zamani. Nilizibandika mwenyewe jikoni, mlango nimeufunga, na kila nilipobandika niliomba radhi. Mwanzoni niliomba kwa kila chupa. Baadaye nikawa naomba mara moja kwa kreti. Siku hizi siombi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Maduka kumi na moja, dada. Miaka mitatu. Risiti ninazo zote, zina muhuri na jina.

Ulipokataa kunihamishia hati mwaka jana nilidhani umeshajua na unaitunza siri ili siku moja unifungie mlango wa kaburi la ukoo. Barua yako ya Februari ilipofika nilidhani Voankazo Mena ni mtego wako. Ndiyo maana nilitaka hati na ndiyo maana nilinyamaza. Sikuwa mgonjwa wa mapafu. Nilikuwa na hofu.

Wakili ameziona risiti. Amesema zinatosha kummaliza Ralambomanana kabisa, ila kwa sharti moja. Alama imeandikishwa kwa jina lako. Nilichofanya bila ruhusa yako hakihesabiwi kuwa matumizi, kinahesabiwa kuwa wizi. Lazima pawe na barua yako ya kuniruhusu kutumia jina, na lazima iwe na tarehe ya tangu mwanzo, yaani Januari 1995. Karatasi ameiandaa, nimeiambatanisha. Pameachwa nafasi ya sahihi.

Najua ninakuomba nini. Mwezi ule ulikuwa umefumua nywele zako, umelala chini kwenye mkeka, hujala. Ukitia sahihi, utakuwa umesema kwamba katika siku zile ulikaa ukaniandikia ruhusa ya kumuuza Shangazi. Usipotia, kwaya itaimba. Sina neno la kukushauri. Ningekuwa karibu ningepiga magoti.

Velonjara


Mahajanga, 28 Agosti 1998

Velonjara,

Tu wazima. Mtoto anakaa mwenyewe sasa. Miembe inaanza kutoa maua, mwaka huu maembe yatakuwa mengi.

Umeshajua kwamba tumeshinda, wakili wako amenipigia dukani kwa Mhindi akipiga kelele za furaha. Ombi limekataliwa, alama imebaki yangu, na tangazo la redio haliruhusiwi. Nilitia sahihi siku ile ile dereva aliponipa bahasha, akanisubiri nje kwenye ngazi. Sikumwuliza Tombozara. Niliogopa kwamba nikifikiri hata usiku mmoja, nitakataa.

Sikukuandikia mapema kwa sababu ya yaliyofuata. Ralambomanana hakukubali kushindwa kimya kimya. Alimtuma mtu hadi hapa na nakala ya karatasi yangu, akawapelekea wazee wa doany siku mbili kabla ya fanompoa. Wakaniita. Mzee Jaovelo, ambaye alinifundisha kubeba maji yale nikiwa mama kijana, aliisoma polepole na kidole chake kikasimama kwenye tarehe. Akaniuliza, "Vavisoa, hii ni sahihi yako?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Na tarehe hii ni ya kweli?"

Unajua ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Wangenielewa, wangenikumbatia, na hasira yote ingekuangukia wewe. Lakini yule mtu wa Ralambomanana alikuwa amekaa pale pale mkekani, anasubiri kwa hamu neno hilo hilo arudi nalo ofisini. Nikasema ndiyo, ni ya kweli.

Hawakunipigia kelele. Heri wangepiga. Jaovelo alikunja karatasi akasema maji mwaka huu yatabebwa na mwingine. Akampa mama mkwe wa Tsaravavy. Tombozara alikuwa mlangoni, akasikia yote. Tangu siku ile anakula nami, anacheka na mtoto, lakini nikiingia chumbani nakuta anazitazama chupa zangu zisizo na lebo kana kwamba zamani zilimdanganya. Siwezi kumweleza. Nikimweleza yeye, atamweleza rafiki akinywa, na karatasi itakuwa haina maana. Nimempenda mume wangu miaka ishirini na sita na sasa ananishuku kwa jambo ambalo sikulifanya, nami ndiye niliyelitilia sahihi. Inaniuma, Velonjara. Sikufichi, inaniuma sana.

Sasa maagizo yangu, na haya hutayajibu kwa maswali. Nenda kwenye maduka yako, yote, ukwangue lebo kwa maji ya moto kama nilivyokwangua mimi. Zile ulizo nazo jikoni zichome. Watu wa huko wakitaka kujua ni achari ya nani, waambie ni ya Vavisoa wa Mahajanga, na utie anwani yangu, wakiugua wanishike mimi.

Nilikuwa nimeandika hapa "maduka yote," nikatia barua kwenye bahasha, nikaenda kumshukuru Botovelo. Akaniuliza, "Mama, wamekueleza kwamba miaka mitatu inaanza kuhesabiwa upya?" Hawakunieleza. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka jua likazama.

Kwa hiyo nimefungua bahasha tena. Acha duka moja. Chagua lenye mwenyewe asiyependa maneno mengi. Kila mwaka muuzie chupa kumi na mbili zenye jina, umwombe aziweke rafu ya chini, lebo zitazame ukutani, na risiti iletwe kwangu. Ila usizibandike wewe. Wewe umeshazoea, umesema mwenyewe. Nitumie lebo kumi na mbili huku. Nitazibandika mimi, na kila moja nitaiombea radhi, sitafanya kwa kreti.

Dada yako,
Vavisoa